Maana ya ulinganifu kati ya mashine ya umeme ya zamani na vifaa vyake vya kupachika

Anayerithi drili, grainda au msumeno wa umeme kwa kawaida hurithi pia kasha la diski, biti, brashi za waya na nati ambazo hakuna aliyebaki wa kueleza zilikuwa za mashine ipi. Swali la kwanza huwa ni kama kifaa fulani kinaingia kwenye mashine iliyopo. Swali hilo ni halali lakini halitoshi, kwa sababu kuingia ni sehemu moja tu ya ulinganifu. Kifaa kinalingana na mashine pale kinapokaa barabara mahali pake, kinapoweza kuhimili kasi itakayokizungusha, na kinapokuwa bado na uzima wake.

Kuhusu kukaa barabara, chombo cha kutegemewa ni kalipa, yaani kipimio chenye taya kinachosoma sehemu ndogo za milimita, wala si rula, kwa kuwa tofauti zinazoleta madhara ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mashine za zamani za Uingereza na Marekani zilifuata inchi, ilhali nyingi za bara la Ulaya zilifuata milimita, na kasha la urithi huchanganya zote mbili. Shina la robo inchi, yaani sehemu ya kifaa inayoingia kwenye mashine, lina kipenyo cha milimita 6.35, hivyo haliingii kwenye koleti (mkono wa kubania shina) ya milimita 6. Lakini shina la milimita 6 huingia kwa urahisi kwenye koleti ya robo inchi, likabanwa nusunusu na kuchomoka kazini. Ndivyo ilivyo pia kwa shina la milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Diski ya msumeno wa duara yenye tundu la inchi moja, yaani milimita 25.4, hucheza kidogo kwenye shafti ya milimita 25, na mchezo huo unatosha kuifanya izunguke nje ya kitovu chake. Kwa drili za kupiga nyundo utambuzi ni rahisi zaidi: SDS ni mfumo wa shina linalosukumwa likajifunga lenyewe, na shina la SDS-plus lina milimita 10 na la SDS-max milimita 18, na yote mawili yana mifereji ambayo mtu hawezi kuichanganya na shina la kawaida la mviringo.

Jambo la kasi ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Diski ya grainda huandikwa idadi ya juu ya mizunguko kwa dakika inayoruhusiwa, na idadi hiyo hupungua kadiri diski inavyokuwa kubwa, kwa sababu kinachopimwa hasa ni mwendo wa ukingo wake. Diski nyingi za kukatia zimetengenezwa kwa mwendo wa ukingo usiozidi mita 80 kwa sekunde. Kwa diski ya milimita 115 hiyo ni takriban mizunguko 13,300 kwa dakika, na kwa ya milimita 230 ni takriban 6,600 tu. Tatizo ni kwamba diski hizo mbili kwa kawaida zina tundu lilelile la milimita 22.23. Mtu anayeondoa kinga ya grainda ndogo inayozunguka mara 11,000 kwa dakika ili kufunga diski kubwa aliyoikuta kashani huusukuma ukingo wake hadi kiasi cha mita 132 kwa sekunde. Kwa kuwa nguvu inayoivuta diski ipasuke hukua kwa mraba wa kasi, nguvu hiyo inakuwa kama mara 2.7 ya ile iliyokusudiwa. Diski au brashi ya waya ambayo maandishi yake yamefutika haina kipimo cha kulinganishwa na kasi iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine, na kwa maoni yangu haistahili kufungwa hata kwa jaribio fupi.

Umri nao haugusi vifaa vyote kwa namna moja. Biti ya chuma ya miaka 50 iliyotunzwa bila kutu hunolewa ikafanya kazi kama mpya. Diski nyembamba za kukatia, ambazo chembe zake hushikanishwa kwa gundi ya resini, hudhoofika hata zikiwa hazijawahi kutumika, hasa zikikaa penye unyevu. Nyingi hugongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa kawaida miaka 3 baada ya kutengenezwa. Mawe ya kunolea ya aina ya kauri, yale yanayozungushwa na mashine, hupimwa kwa sauti: jiwe kavu huning'inizwa kwa kidole na kugongwa taratibu kwa mpini wa mbao. Zima hulia kwa uwazi, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kipimo hicho hakiwezi kutumika kwa diski za resini, kwa kuwa hazilii hata zikiwa nzima.

Kuna pia vipachikwa vilivyouzwa hasa katikati ya karne ya 20, na kampuni kama Black & Decker, ili kuigeuza drili kuwa msumeno au mashine ya kusugulia. Vingi vilikusudiwa drili za mtengenezaji huyohuyo, na baadhi huhitaji kichwa chenye taya kifunguliwe kwanza ili vikazwe moja kwa moja kwenye nyuzi za shafti. Drili nyingi za baadaye zina shingo ya kipenyo cha milimita 43, na kipachikwa chenye kola ya kipimo hicho huweza kukubali drili za watengenezaji mbalimbali. Vile vya kusugulia bado vinafaa vikiwa vizima. Vya msumeno ningeviweka kando, kwa sababu swichi ya drili nyingi za zamani ina kitufe cha kuifunga iendelee kuwaka, na msumeno wa namna hiyo hausimami mkono unapoachia.