Ruzuku za hisani kwa wagonjwa wa saratani Kanda ya Ziwa: maswali na majibu

Swali: Mgonjwa akiwa na bima au msamaha wa matibabu, fedha za hisani ni za nini?

Jibu: Bima hulipia vipimo na dawa zilizomo katika kitita chake, lakini haimlipii mgonjwa nauli ya kivuko kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, wala chumba cha kulala mjini, wala chakula chake na cha anayemuuguza. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma kwa takriban majuma matano, na kila siku mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa dakika chache tu. Mama wa Ukerewe hawezi kwenda na kurudi kila siku. Hana budi kuishi Mwanza muda wote huo, huku biashara yake ya dagaa imesimama. Tangu hospitali ya Bugando, Mwanza, ianze kutoa mionzi, safari ya kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imewaepuka wengi, ila gharama ya kukaa mbali na nyumbani ingalipo.

Swali: Je, nauli inaweza kweli kuokoa maisha?

Jibu: Inaweza, na mfano ulio wazi zaidi ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayoonekana sana katika maeneo yenye malaria nyingi, ikiwemo mwambao wa Ziwa Victoria. Uvimbe wa taya au wa tumbo hukua kwa kasi ya kutisha, kisha hunywea haraka mtoto anapoanza kupewa dripu za dawa. Hapo ndipo penye hatari. Mzazi aliyeishiwa fedha humwona mwanawe anakula na kucheza, akaamini amepona, akarudi kijijini kabla mizunguko ya dawa haijakamilika. Seli zilizobaki huota upya, na ugonjwa unaorudi huwa mgumu zaidi kutibika. Simlaumu mzazi huyo, kwa kuwa nyumbani ameacha watoto wengine. Ruzuku inayomlipia nauli na malazi hadi mzunguko wa mwisho ni sehemu ya tiba.

Swali: Msaada huombwa wapi?

Jibu: Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, mapema, kabla akiba haijakwisha. Beba barua ya rufaa, kitambulisho, majibu ya kipimo cha kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kinachochunguzwa maabara) ikiwa yametoka, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya familia. Usimlipe mtu yeyote anayedai kwamba atakupatia msaada.

Swali: Na yule ambaye hawezi kupona?

Jibu: Naye anastahili. Tiba shufaa, pamoja na mofini ya kunywa inayotolewa kwa maelekezo ya daktari, huondoa maumivu na kumwezesha mgonjwa kulala usingizi.

Swali: Anayetaka kuchangia atoe nini?

Jibu: Wafadhili wengi hupenda kununua vifaa vinavyoonekana, navyo vinahitajika. Hata hivyo, kabla ya kuamua, ni vyema wamwulize ofisa ustawi wa jamii ni wagonjwa wangapi hawakurudi mwezi uliopita kwa kukosa nauli, na mchango uanzie kwa hao.