Makatazo Yaliyozaa Magari ya Misuli

Kila ninapoulizwa ni kampuni gani iliyoshinda katika ushindani wa magari ya misuli ya Marekani, yaani magari ya bei ya kawaida yaliyofungwa injini kubwa za silinda 8, huanza kwa kueleza makatazo, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyowafanya wahandisi wawe wajanja.

Mwanzoni mwa 1963 General Motors iliziamuru idara zake zijitoe katika mbio za magari, na ilikuwa na kanuni nyingine iliyozuia magari ya ukubwa wa kati yasifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, mojawapo ya idara hizo, chini ya John DeLorean, waliisoma kanuni hiyo kama wakili asomavyo mkataba, wakaona kwamba haikugusa vitu ambavyo mnunuzi angeviagiza kwa nyongeza. Wakachukua injini ya inchi 389, takriban lita 6.4, kutoka magari yao makubwa, wakaitoa kama nyongeza kwa Tempest ya 1964, gari lao la ukubwa wa kati, na kuiita GTO. Ziliuzwa 32,450 katika msimu huo wa kwanza, na baada ya mauzo hayo hapakuwa na bosi wa kuirudisha kanuni mezani.

Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964, gari lililojengwa juu ya msingi wa Falcon ya kawaida kabisa, ambalo kwa maoni yangu liliuzwa kwa umbo na bei kuliko kwa nguvu. General Motors ilijibu mwaka 1966 kwa Camaro. Waandishi wa habari walipouliza maana ya jina hilo, walijibiwa kwamba ni mnyama mdogo mkali anayekula Mustang.

Utamu wenyewe, kwangu mimi, uko katika Trans-Am, mbio za magari ya aina zinazouzwa dukani, ambazo ziliwekea injini kikomo cha lita 5. Chevrolet, idara ya General Motors iliyotengeneza Camaro, ilikuwa na injini ya inchi 283, iliyoacha nafasi kubwa chini ya kikomo, na ya 327, iliyokivuka. Suluhisho lao lilikuwa kuchukua bloku, yaani mwili wa injini, ya 327 na kuifunga krenkishafti ya 283, ambayo husafirisha pistoni umbali mfupi zaidi, wakapata inchi 302 na injini iliyopenda kuzungushwa kwa kasi mno. Ndiyo Camaro Z/28, iliyotengenezwa magari 602 tu mwaka wake wa kwanza, na ambayo Mark Donohue, katika timu ya Roger Penske, aliitumia kuipatia Chevrolet ubingwa wa 1968 na 1969. Ford ilijibu kwa Boss 302, toleo la Mustang lenye silinda hedi (vichwa vya injini) zenye vali kubwa zilizoinamishwa kwa pembe ili hewa iingie kwa wepesi. Kampuni zote mbili zilitangaza nguvu za farasi 290, sadfa ambayo sijawahi kuiamini. Mwaka 1970 Parnelli Jones na George Follmer waliurudisha ubingwa kwa Ford.

Mwaka huohuo waandaaji walilegeza kanuni, hivi kwamba injini ya mbio haikulazimika tena kuwa na ujazo sawa na ya gari linalouzwa. Chevrolet haikusubiri: Z/28 mpya ilikuja dukani na injini ya inchi 350, na ile 302 ikaachwa.