Usiku wa joto, jenereta, na gari la kulala

Kazi yangu ni kugeuza vani kuwa magari ya kulala: kitanda, jiko la gesi, friji, nyaya. Hapa Mombasa swali la kwanza la mteja huwa kiyoyozi, nami simlaumu. Februari, ukilala Tiwi au Diani ndani ya bati, jasho halikauki mpaka alfajiri. Lakini kiyoyozi kinataka umeme, na wengi huutoa kwenye jenereta au kwa kuiacha injini ikinguruma usiku kucha. Kaboni monoksidi huingia hapo. Kwenye nchi za baridi watu hufa kwa gesi hii wakitafuta joto. Sisi wa pwani inatupata tukitafuta ubaridi.

Gesi hii hutokea kila mafuta, makaa au gesi ya kupikia inapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ule moshi unaounusa nyuma ya jenereta ni mchanganyiko wa mengine, kwa hiyo pua yako haiwezi kukuambia lolote kuhusu hii. Ikifika mapafuni hushikana na himoglobini, kile kibeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Hata kiasi kidogo, ukikivuta saa nyingi umelala, hujikusanya kwenye damu.

Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye gari, bomba lake likielekea kwingine. Wengi huishia hapo, wakasahau upepo. Jioni upepo wa bahari unavuma, unaiweka jenereta upande wa bara, moshi unakwenda zake. Usiku wa manane upepo ule hulegea, au hugeuka ukatoka bara, na moshi uleule ukarudi kwenye madirisha uliyoyaacha wazi nyuma ya chandarua. Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja, na siulegezi: watu wakilala, jenereta izimwe. Feni ndogo inayotumia betri na paneli ya sola itakufikisha asubuhi. Injini ya gari nayo vivyo hivyo, na usijitetee kwamba umeshusha kioo kidogo.

Ekzosi za magari yetu zina adui wa ziada, chumvi ya bahari. Gari linaloegeshwa ufukweni kila wikendi huoza kwa chini mapema. Ingia chini yake injini ikiwa imepoa, tazama maungio: masizi meusi yaliyotapakaa ni dalili ya kuvuja. Kagua pia matundu yaliyotobolewa sakafuni kupitisha nyaya na mabomba, na mipira ya milango. Na ukibeba mzigo mrefu, usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi. Hewa huzunguka nyuma ya gari na kuuvuta moshi ndani.

Jiko la makaa lisiingie garini kabisa, hata Taita kukiwa na baridi. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi, bado yanatoa gesi hii kwa wingi.

Linalonitia hofu zaidi ni dalili zake. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka. Mtu wa pwani akisikia hivyo atasema malaria, au jua la mchana, au wale pweza wa jana. Atameza dawa, arudi kulala palepale. Jiulize: wote garini wameumwa kwa pamoja? Wanapata nafuu wakitoka nje? Homa haipo? Basi shuku hewa kabla ya mbu.

Funga king'ora cha kaboni monoksidi. Tafuta chenye alama ya EN 50291-2, kiwango cha ubora cha Ulaya, kilichotengenezewa magari na mashua, maana mtikisiko wa barabara huharibu vile vya nyumbani. Kiweke karibu na usawa wa kichwa cha anayelala. Kile cha gesi ya kupikia hukaa chini kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Kaboni monoksidi uzito wake unakaribiana na wa hewa, hujichanganya kote. Viwili hivi havisaidiani kazi. Soma pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma: kitambuzi huchakaa hata kama taa inawaka.

Kikilia, toeni watu wote nje kwanza, mengine baadaye. Aliyezidiwa apelekwe hospitali. Piga 999 au 112. Kwenye hewa ya kawaida, kiasi kilichomo kwenye damu huchukua saa 4 hadi 6 kupungua nusu, lakini kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa moja na nusu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mlikuwa na jenereta au jiko, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni hakiitofautishi gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha asilimia 98, kana kwamba oksijeni inatosha, kwa mtu anayehitaji oksijeni mara moja. Kipimo cha kuomba ni cha damu.