Kusuluhisha watu mtaani miaka thelathini hakukufanyi mpatanishi wa mahakama

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Safari hii mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima zake huku Kisauni, Mombasa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha moja kwa moja: "Binti yangu, mimi nimesuluhisha watu miaka thelathini, wanandoa, mipaka, mpaka mirathi, wewe niambie tu hicho cheti cha mahakamani kinapatikana wapi nikajaze fomu." Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze. Kabla yake mchungaji, kabla ya mchungaji wakili, na wakili ndiye aliyenichosha zaidi manake yeye trening yenyewe alitaka arukishwe, eti sheria anaijua.

Sasa naandika hapa mara moja, akija wa tano namtumia linki.

Ya haraka kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inaziambia mahakama zihimize njia mbadala za kumaliza migogoro, upatanishi ukiwemo, na za kimila pia zimo. Upatanishi unaoambatana na mahakama, yaani faili inatoka kwa hakimu wahusika wakajaribu kuelewana wenyewe mbele ya mpatanishi, ulianza kwa majaribio Aprili 2016 pale Milimani, Nairobi, kitengo cha familia na cha biashara, baadaye ukasambaa hadi huku kwetu Mombasa. Wanaoidhinisha wapatanishi ni ile kamati iliyowekwa na kifungu cha 59A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, sisi twaiita MAC tu. Trening ni saa 40, ukizipiga mfululizo ni siku tano za kutoka kichwa kinauma, halafu ndio unaomba uidhinishwe na uingie kwenye rejista. Si lazima uwe wakili. Darasa langu mimi tulikuwa na nesi, mhandisi, mtu wa benki na mama mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa, na huyo mama wa vitambaa alitupita sote. Ada na fomu ulizeni huko huko kwa wenyewe, mambo hayo hubadilika.

Haya, tuje kwa linaloniudhi.

Watu wanadhani trening inakufundisha kupatanisha watu, kwa hivo kama tayari wapatanisha basi ushahitimu, kilichobaki ni karatasi. Kumbe sehemu kubwa ya zile saa 40 ni kukutoa uamuzi mdomoni. Mzee wa mtaa ana nguvu kwa sababu anajulikana, alimjua marehemu baba yenu, anajua nani mlevi na nani alikula pesa za mazishi, na akisema "wewe fanya hivi" lazima usikie manake kesho mtakutana msikitini ama kanisani. Ni kazi nzuri, mimi nimekulia kwenye nyumba iliyookolewa na kikao cha wazee, siidharau hata kidogo. Lakini mpatanishi wa mahakama anaingia chumbani hana hata kimoja katika hivyo. Hamjui marehemu, haruhusiwi kuamua, haruhusiwi hata kusema nani ana haki, na atakayoyasikia mle hawezi kwenda kuyatolea ushahidi. Ukimvua mzee wetu vitu vyote hivyo halafu umwambie haya sasa fanya kazi, siku ya kwanza anatoka jasho. Nimeona kwa macho yangu.

Kesi za kweli siwezi kuzisimulia kwa hiyo siri niliyoitaja, nitawapa ya darasani. Ndugu wawili, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, nyumba bila ardhi, yaani kuta zao kiwanja cha mwingine, mama amefariki. Dada mkubwa ndiye aliyemuuguza, ndugu mdogo ndiye anayekusanya kodi za wapangaji. Anayeigiza mpatanishi ni bwana mmoja mtulivu sana, kiongozi wa dini, sauti ya upole. Dakika ya saba akainama mbele kidogo akamwambia yule dada: "Dada yangu, huoni ni vizuri umwachie mdogo wako vile vyumba vya mbele, wewe si una kwako?"

Mkufunzi akasimamisha zoezi. Bwana akashangaa kikweli, akasema lakini mimi nimeuliza tu.

Hapo ndipo nataka mkae na mimi. Ile ina alama ya kuuliza mwisho lakini ni hukumu. "Huoni ni vizuri" maana yake ni vizuri na wewe ndiye huoni. "Umwachie" maana yake vyumba ni vyako na tunakuomba ukarimu, ama ni vyake na wewe umevishikilia, vyovyote vile ushaamua umiliki kabla karatasi hata moja haijafunguliwa. "Wewe si una kwako" ndiyo mbaya zaidi, manake umempa mwanamke sababu ya kunyimwa ambayo upande wa pili hata haukuitaja, umewatolea mfukoni mwako. Sentensi moja, makosa matatu, na imesemwa kwa upole kiasi kwamba dada hawezi kujibu bila kuonekana hana adabu. Kiswahili chetu kimejaa maswali ya namna hii, ndivyo tunavyoongozana kwa heshima, mtoto haambiwi kaa chini, aambiwa mbona hukai. Kwa hivo kadiri unavyojua kusema na watu vizuri ndivyo kosa hili linavyokutoka bila kulihisi.

Swali la kweli kwa kesi ile lilikuwa kama "kodi ya kiwanja mpaka sasa inalipwa na nani?" Basi. Kwenye zoezi lilipoulizwa hilo kumbe hakuna aliyelipa tangu mama afe, na ndugu wakaacha kutazamana wakaanza kumfikiria mwenye ardhi.

Na kuna jambo la "sawa", ambalo vitabu vya trening haviligusi kwa sababu vimeandikwa kwa Kiingereza na sisi tunaifanyia kazi hii kwa Kiswahili. Mtu wa Pwani akisema "sawa" amesema nini? Kuna sawa ya nimekubali. Kuna sawa ya nimechoka. Kuna sawa ya wewe ni mkubwa kwangu siwezi kubishana nawe. Kuna sawa fupi, ile inakatwa mwishoni, ya endelea tu tutaonana. Halafu kuna jamaa zake: "haina neno", "kama mwaona hivyo", na ile inayonitoa usingizi, "mimi namwachia Mungu". Mtaani mtu akisema namwachia Mungu wazee husoma dua wakaondoka. Mimi nikiisikia mezani naweka kalamu chini, manake huyo hajakubali chochote, amejitoa tu kwenye mazungumzo na mwili umebaki kitini.

Mbona nalishikilia hivi? Kwa sababu makubaliano ya mle ndani yanaandikwa, yanasainiwa, yanapelekwa mahakamani na yanatekelezwa kama hukumu, na kifungu cha 59B kinasema hayakatiwi rufaa. Hukumu ya hakimu ukiona amekosea unapanda ngazi. "Sawa" yako uliyoitoa kwa uchovu saa kumi jioni hupandi nayo popote. Kwa hivo kabla hawajasaini mimi huwaambia kila mmoja anieleze kwa maneno yake mwenyewe, akirudi nyumbani akiulizwa na watoto wake kwamba mumeelewana nini, atawaambia nini. Hapo nimewahi kuona karatasi iliyokuwa tayari ikarudi mezani ikaanza upya na wakili mmoja akanikunjia uso wiki nzima.

Kuhusu mawakili niseme moja. Sheria wanaijua kweli, hilo silipingi. Tabu yao ni kwamba wakiona hoja dhaifu mkono unawawasha waibomoe. Na wanapenda kuuliza "maslahi yako ni yapi" kwa sababu manyuali imeandika hivyo, wanasahau neno maslahi kwa masikio ya mama wa Likoni ni tusi nusu, ni kama umemwambia amekuja kwa tamaa. Muulize anahofia nini. Muulize akipata hivyo vyumba atavifanyia nini.

Vikao vya faragha, kumwita upande mmoja peke yake, nitavipitia juu juu: muda uwe karibu sawa kwa wote, useme mapema kwamba vitakuwepo, na unalotaka kulivusha kwa upande wa pili uliombe ruhusa neno kwa neno. Ukimaliza na mmoja dakika arobaini na mwingine kumi, yule wa kumi ashakuhesabu.

Sasa yale ambayo sina hakika nayo, na nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuwa na haya kidogo kuyasema. Sijui kama kuna swali lisiloegemea popote. Tunafundishwa tumuulize mtu "msipoelewana hapa, faili ikirudi kwa hakimu unaona itakuwaje?" ili apime hali yake, na ni swali zuri, lakini najua siku nyingine nimeliuliza kwa sauti iliyotisha, zile siku sitini tunazopewa kumaliza kesi zinayoyoma, nataka wamalize. Nilikuwa napima ama nasukuma? Sijapata jibu.

La pili, saa 40 hazitoshi. Zinatosha kukuonyesha makosa yako, hazitoshi kuyaacha, na kwa kesi ambazo mmoja anamuogopa mwenzake ndani ya nyumba naona tunahitaji mafunzo zaidi sana ya kutambua kwamba hapa hapafai upatanishi kabisa, irudi kwa hakimu. Mtu anayeogopa hukubali haraka, kwa hivo kwenye ripoti kesi yake itaonekana imefaulu.

La tatu ni la wazee wenyewe. Mimi nikishasainisha naenda zangu, sitawaona tena. Mzee wa mtaa atakuwepo ukuta ukijengwa, atakuwepo kodi isipolipwa mwezi wa tatu, atapita jioni aulize. Hilo hatuna, na sijaona trening inayolifundisha.

Mwalimu nilimweleza yote haya kwa simu, ikachukua saa nzima na kidogo, kuna wakati akanyamaza nikadhani laini imekatika. Akaniuliza, "Sasa binti yangu, nikiona kabisa kwamba huyu anadhulumiwa, nami nikae kimya?" Nikamwambia hukai kimya, unauliza, na ukiona bado hayuko huru kusema la, unasimamisha kikao. Akasema hilo atalifikiria.

Jana ametuma ujumbe, amejiandikisha, darasa laanza Jumatatu, anauliza kama aje na lile daftari lake la kesi zote alizosuluhisha mtaani. Nimemjibu aliache nyumbani, tena alifungie kabatini, manake majina ya watu yamo.