Mwanasaikolojia wa mahakama ya Kanisa hakuiti kichaa, wala si yeye anayehukumu

Barua ya mahakama ya Kanisa inapofika ikimtaka mtu akaonane na mwanasaikolojia, wengi hushtuka kuliko walivyoshtuka siku ndoa yenyewe ilipovunjika. Kazi ya mahakama hiyo ya Kanisa Katoliki ni kuchunguza kama ndoa iliyovunjika ilikuwa halali tangu siku ya harusi; ikiona sivyo, huitamka batili. Nimekaa na watu wa namna hiyo hapa Kampala, na wengine waliotoka Tororo na Busia. Neno la kwanza huwa karibu lile lile: "Kumbe wananiona mimi mulalu?" Yaani kichaa. Wapo walioikunja barua wakaificha chini ya godoro, na kesi ikalala nayo. Inaniuma, kwa sababu hofu hiyo imejengwa juu ya maneno ya barazani ambayo hakuna aliyeyachunguza. Hebu tuyapitie moja moja.

"Ukipelekwa kwa mwanasaikolojia, wamekwisha kukuona kichaa."

Kanuni ya 1095 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataja watu wa aina tatu wasioweza kufunga ndoa. Wa kwanza ni asiye na matumizi ya kutosha ya akili. Wa pili ni aliyepungukiwa vibaya na uwezo wa kupima haki na wajibu ambao mume na mke hukabidhiana. Wa tatu ni yule ambaye, kwa sababu za kisaikolojia, hawezi kuubeba wajibu wa msingi wa ndoa hata kama anauelewa.

Yule anayeitwa mulalu mitaani angeingia fungu la kwanza, na kesi za fungu hilo ni chache. Mafungu mawili yanayofuata ndiyo hasa yanayomleta mwanasaikolojia mezani, na humo wamo watu wenye duka sokoni, walimu, waimba kwaya. Chukua binti wa miaka kumi na tisa aliyepata mimba. Ukoo umekasirika, siku ya kwanjula, yaani ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, imepangwa bila yeye kuulizwa, ssenga (shangazi yake) amemfunza jinsi ya kumtunza mume, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kujiuliza kama anaitaka ndoa hiyo. Akili yake ni nzima kabisa. Swali atakalotumwa mwanasaikolojia kulitafuta ni hili: siku ile mbele ya altare, je, alikuwa na ukomavu na uhuru wa ndani wa kupima alichokuwa anakikubali? Au chukua kijana aliyetawaliwa na pombe kali ya waragi tangu shuleni, ambaye hata asubuhi ya harusi hakuweza kuvaa suti kabla ya kunywa. Hapo swali ni kama pombe ilikuwa imemnyang'anya uwezo wa kuishi na mwenzake kama mume.

Tazama kwamba maswali yote mawili yanarudi kwenye siku ya harusi. Hapo ndipo watu wengi wanapotea.

"Mwenzangu ana faili Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, basi ndoa ni batili."

Faili la hospitali peke yake halibatilishi kitu. Ndoa hufanywa na ridhaa, na ridhaa hutolewa siku moja. Mke akipatwa na sonona miaka kumi baada ya harusi, ndoa yake iko palepale. Waliapiana kupendana katika magonjwa na afya. Hata ugonjwa uliokuwepo kabla hautoshi kwa jina lake tu. Mtu mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) anayetumia dawa zake na kujielewa anaweza kufunga ndoa halali, na wapo wanaoishi vizuri na wenzao miaka mingi. Anachotakiwa mwanasaikolojia kueleza ni hali hiyo ilikuwa nzito kiasi gani wakati ule, ilitoka wapi, na iliugusa vipi uwezo wa mtu kuamua au kutimiza.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia majaji wa Rota, mahakama ya rufaa ya Kanisa huko Roma, mwaka 1987 kwamba kinachobatilisha ndoa ni kutoweza, na kwamba ugumu peke yake hautoshi. Nadhani maneno hayo yangebandikwa mlangoni pa kila ofisi ya ushauri wa ndoa. Mume mkali, mke mwenye kinyongo, wawili wasioelewana kuhusu pesa: hayo ni magumu, na yanaumiza kweli, lakini mengi yake yangeweza kushindwa kwa juhudi na neema.

Kaskazini mwa Uganda jambo hili linahitaji uangalifu zaidi. Vita vya waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, viliwachukua watoto wengi kutoka Acholi na jirani zake, na baadhi yao leo ni mume na mke wa mtu. Nimesikia watu wakisema, "Aliyetoka msituni hawezi kuwa na ndoa." Ni kauli ya ukatili na si ya kweli. Mwanasaikolojia mwenye kuijua kazi yake hatamhukumu mtu kwa yaliyompata utotoni. Atauliza jeraha lilifanya nini ndani ya mtu huyu: je, lilimfunga asiweze kuaminiana na mwenzake wala kukaa naye, au alilibeba akaendelea? Watu wawili waliolala kambi moja wanaweza kutoa majibu tofauti.

Na pale ndugu wanaposema mtu "alilogwa" au ana mizimu? Mtaalamu makini hatawacheka. Atawaomba wamsimulie walichokiona: alilala saa ngapi, alizungumza na nani, alianza lini kuwakimbia watu. Habari hizo zina kazi, hata kama chanzo anakiona kwingine.

"Mwanasaikolojia akisema ni batili, imekwisha."

Mahakama inaamriwa kumtumia mtaalamu katika kesi za aina hii (leo ni kanuni ya 1678), isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba hatasaidia. Kwa sababu hiyo watu hudhani ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini hakimu ndiye anayemwandikia maswali, na taarifa yake ikirudi inakuwa ushahidi mmoja kati ya mingine. Kanuni ya 1579 inamtaka hakimu apime hata maoni ya wataalamu waliokubaliana, ayalinganishe na habari nyingine zote za kesi, kisha aandike katika hukumu kwa nini ameyapokea au ameyakataa.

Yupo pia mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye wajibu wake ni kuleta kila hoja ya haki inayoonyesha kwamba ndoa ni halali. Yeye anaweza kuikosoa taarifa ya mwanasaikolojia mstari kwa mstari. Na shaka ikibaki, ndoa inahesabiwa kuwa halali, kwa kanuni ya 1060. Kwa hiyo neno "batili" halitakiwi kabisa kutoka kinywani mwa mwanasaikolojia. Yeye hueleza hali ya mtu. Wanaotamka ubatili ni mahakimu, wakiwa na uhakika wa kimaadili, yaani wasiobaki na shaka yenye msingi.

Wengine wanaamini mabadiliko ya Papa Fransisko ya mwaka 2015 yalimwondoa mtaalamu. Yalichoondoa ni ulazima wa hukumu ya pili kukubaliana na ya kwanza. Njia fupi ya mbele ya askofu nayo ni kwa kesi ambazo wote wawili wameafikiana na ushahidi uko wazi.

"Nikikataa kwenda, kesi itakufa."

Si lazima ife. Mwanasaikolojia anaweza kupewa jalada lote, yaani maelezo ya upande wa pili, ya mashahidi, na hati za hospitali zikiwepo, akaandika maoni yake kutokana nayo. Maoni ya namna hiyo yana mipaka yake. Lakini fikiria maana yake kwako: picha yako itachorwa na watu wengine tu, na wewe hukutia hata mstari mmoja.

"Nitakayomwambia ni siri kama ya kitubio."

Hili ndilo ningependa kila mtu aambiwe kabla hajakaa kwenye kiti. Watumishi wa mahakama wanabanwa na siri ya kazi, na paroko wako hatasimuliwa, wala jumuiya ndogo ndogo. Ila taarifa ya mtaalamu inaingia kwenye jalada, na kabla ya hukumu pande zote mbili zina haki ya kulisoma. Hakimu anaweza kuizuia hati fulani isionyeshwe ili kuepusha hatari kubwa sana. Ikiwa mwenzako alikuwa akikupiga na unaogopa atakachofanya akisoma, liseme hilo mapema, tena mahakamani. Mwanasaikolojia aliyetumwa na mahakama si yule unayemwendea kutibiwa. Ni bora hao wawe watu wawili, ili yule unayemlilia asigeuke mwandishi wa taarifa.

Mengine nayapita haraka. Watoto hawageuki wa nje ya ndoa. Kanuni ya 1137 inawalinda. Tamko la Kanisa halifuti ndoa katika vitabu vya serikali ya Uganda, kwa hiyo mahakama ya nchi ina njia yake, na atakayefunga nyingine bila kuipitia anaweza kushtakiwa. Mahari hayamhusu mwanasaikolojia hata kidogo. Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 2015 kwamba kudai yarudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Na si kila aliyepata tamko anaweza kuoa Jumamosi ijayo: kama tatizo lililoonekana bado lipo, mahakama inaweza kumwekea zuio.

Barua ikifika, ijibu. Uliza gharama, na kama huna uwezo eleza, kwa sababu utaratibu wa kupunguziwa au kusamehewa upo. Na kama maneno ya moyoni yanakutoka kwa Kiacholi au Kiteso tu, sema kabla ya tarehe kufika; sheria inaruhusu mkalimani aliyekula kiapo.