Mkono Usioachia: Ninachofundisha Ninapofundisha Judo

Jioni maji yakijaa pale Forodhani, Unguja, vijana hupiga mbio juu ya ukuta na kujirusha baharini, wengine wakipinduka hewani kabla ya kuzama, na wageni huacha kula pweza wao wakawatazama. Baadhi ya vijana hao huja ukumbini kwangu kujifunza judo, na siku ya kwanza huja na yakini kwamba kama ni kuanguka, hawana la kufundishwa. Humwambia mmoja wao achuchumae juu ya mkeka, kisha ajiachie aanguke chali. Yule yule aliyejirusha kutoka ukutani bila ya kupepesa jicho hutanguliza kiganja nyuma kuizuia sakafu, kichwa hukiachia kikatangulia, na pumzi zikamkatika.

Kwa hiyo mwezi mzima wa kwanza hatumbwagi mtu, tunaanguka tu. Mafunzo haya huitwa ukemi, na kanuni zake ni chache: kidevu kibanwe kifuani ili kisogo kisifike chini, mgongo uviringike, na mkono wote, kutoka begani hadi kiganjani, uupige mkeka kwa pamoja ukiwa umetengana na kiwiliwili kwa nyuzi 30 hadi 45 hivi. Pigo hilo halikusudiwi kutoa sauti, ingawa watoto huipenda mno sauti yake. Linakitawanya kishindo juu ya eneo kubwa la mwili badala ya kukiacha kiishie kwenye kiungo kimoja. Mkono ulionyooshwa kwa hofu hupokea uzito wote peke yake, na hapo ndipo kifundo kinapovunjika, kiwiko kinapoteguka au mtulinga unapokatika. Wazazi wanaoniletea watoto ili wapate ujasiri hushangaa kuona wiki nne zinapita na mtoto bado anaviringika peke yake, na wapo wanaowaondoa. Siwalaumu, lakini pia siharakishi. Mtoto anayeogopa kuanguka hujikaza, na aliyejikaza hamsikii mwenzake, humng'ang'ania tu kama mtu anayezama. Hasira nyingi nilizozishuhudia mkekani, pamoja na zile zilizofika kwenye matusi, zilianzia kwenye hofu hiyo wala si kwenye uovu, na mara nyingi ziliisha zenyewe pale mwili ulipokubali kwamba chini si pabaya.

Judo haikubuniwa kwa ajili ya medali. Kano Jigoro, aliyezaliwa Japani mwaka 1860, alikuwa kijana mwenye umbo dogo aliyeonewa na wenzake skuli, akatafuta walimu wa jujutsu, mapambano ya kale ya Kijapani, apate kujihami. Mwaka 1882 alifungua chuo chake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, katika chumba cha mikeka 12 tu. Kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu, na hilo linaonekana katika uamuzi wake mkubwa kuliko yote: aliyachambua mapigo ya jujutsu akayatoa kwenye mazoezi huru, yaani randori, yale yanayoumiza, ili watu wawili waweze kupambana kwa nguvu zao zote leo na kesho wakarudi tena mkekani wakiwa wazima. Misemo miwili aliyoiacha huandikwa ukutani karibu kila penye ukumbi wa judo. Wa kwanza, seiryoku zen'yo, ni kuitumia nguvu kwa njia inayofaa zaidi. Wa pili, jita kyoei, ni mimi na mwenzangu kustawi kwa pamoja. Kwangu mimi wa kwanza hauna maana bila ya wa pili, na ukumbini tunaanza na huo wa pili.

Kijapani, anayebwaga huitwa tori na anayebwagwa huitwa uke. Msomaji wa Kiswahili ameshaelewa kwa nini neno hilo la pili halitumiki mbele ya watoto wa Kizanzibari. Baada ya wiki moja ya vicheko niliachana nalo, na sasa tunasema mpokeaji. Naona tumepata neno bora zaidi, kwani kazi yake ndiyo hiyo hasa: anaupokea mwereka kwa mwili wake ili mwenzake ajifunze, kisha zamu hubadilika.

Chukua pigo la osoto gari, ambalo kila mtoto wa mtaani analijua kwa jina la mtama. Mtaani mtama hupigwa kwa mguu na kumaliziwa kwa msukumo. Mkekani, mkono wako wa kulia umeshika ukosi wa mwenzako na wa kushoto umeshika mkono wa vazi lake karibu na kiwiko. Unamvuta mpaka uzito wake wote ulalie kisigino chake cha kulia, unapitisha mguu wako nyuma ya ule wake, unaufagia. Mwenzako ameshang'oka ardhini. Mkono wako wa kulia umekwisha kazi yake, lakini wa kushoto ndiyo kwanza unaianza, kwa sababu wakati yeye anashuka wewe unaivuta juu ile nguo, ili kichwa chake kisitangulie na mkono wake ulio huru upate nafasi ya kuupiga mkeka. Ukiachia, umemtupa mtu. Ukishikilia, unabaki umesimama, umeinama kidogo, mkononi mwako umo mkono wa mtu aliyelala miguuni pako. Mkono huo huo unaomlinda ndio unaokuwezesha kumdhibiti na kuendelea kumkaba pale chini, na waamuzi wanapotoa ippon, yaani alama kamili inayomaliza pambano, huangalia udhibiti huo pamoja na kasi, nguvu na mgongo kufika mkekani. Ufundi na huruma vimo katika vidole vile vile. Ndiyo maana sihutubii sana. Nikimwona mwanafunzi ameachia, namrudisha, nao wanarudia mara 20.

Najua gharama ya kuachia kwa kuwa niliwahi kuachia. Nilikuwa bado na mkanda wa kahawia, ulio chini ya mweusi, siku hiyo wamekuja wageni kututazama, nami nilimpiga mtama kijana mdogo wangu kwa umri, mtama safi ambao ukumbi mzima uliupigia kelele. Alianguka kwa bega, na sauti ya mtulinga ukivunjika ni sauti ambayo mtu haisahau. Usiku ule baada ya Isha nilikwenda kwao Ng'ambo, nikapiga hodi, nikakaribishwa barazani. Kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, anakwepa kunitazama. Nilimwamkia mama yake, akaniitikia, akanitilia chai. Hakunikaripia.

"Huyu kanambia mnafunzwa mkono musiuachie," alisema. "Wewe, mwanangu, uliuachia kwa nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimeshaanza kuinyanyua mikono yangu kushangilia.

"Basi ungengoja afike."

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wetu, hata hivyo, ni la kuinama. Judo huanza na kumalizika kwa rei, yaani kuinamiana, na katika kumbi nyingi duniani watu hupiga magoti wakaweka viganja chini na kushusha kichwa karibu na sakafu. Kwa mtoto anayetoka chuoni kusoma Kurani, umbo hilo linafanana na jambo ambalo hafanyiwi mwanadamu, wala picha ya Kano iliyotundikwa ukutani. Sikuona sababu ya kubishana. Kwetu watu husimama, wakatazamana, wakainamisha kichwa na kifua kidogo, kisha baada ya pambano wakapeana mikono. Hatuiinamii picha ya mtu yeyote. Kinachotakiwa ni kumkiri mwenzako kabla ya kumshika na baada ya kumwachia, na watu waliolelewa kutoa salamu kila wapitapo barazani hawahitaji kufundishwa maana yake. Mazoezi huanza baada ya Alasiri na kufungwa kabla ya Magharibi. Ramadhani huhamia baada ya Tarawehe, nayo yanakuwa mafupi.

Wanafunzi hupenda kusimuliwa habari za Mohamed Rashwan, Mmisri aliyefika fainali ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 dhidi ya Mjapani Yamashita Yasuhiro, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa umeumia katika pambano la awali siku hiyo. Yamashita alishinda, na Rashwan akapewa tuzo ya kimataifa ya uungwana michezoni kwa kutouandama mguu ule. Wanaoitazama tena picha ya pambano hilo hubishana mpaka leo kama aliuacha kweli. Mimi huwaonyesha kipande kingine, kisichobishaniwa: Yamashita akichechemea kupanda jukwaa la washindi, na Rashwan akimpa mkono wa kumsaidia.

Sidai kwamba judo peke yake humfanya mtu kuwa mwema. Nimewajua wenye mkanda mweusi ambao nisingewaachia funguo za nyumba. Mikanda ya rangi, ambayo kwa sehemu kubwa ilienezwa kutoka Ulaya, hupima ufundi na muda, basi. Kipimo changu mwenyewe ni kingine. Ikifika zamu ya watoto wapya kuchagua mtu wa kuwabwaga, huangalia wanajipanga mbele ya nani.

Mwaka huu kijana mmoja mwenye nguvu kuliko wote ukumbini hakupangiwa foleni na mtu, nami nikauchelewesha mkanda wake. Baba yake alikuja, amekasirika kwa staha, akitaka kujua mwanawe amekosa nini katika mtihani. Nilimjibu kuwa hakukosa kitu, nikamwomba akae kwenye benchi mpaka tumalize. Watoto walipoambiwa wachague, watano walikimbilia kwa msichana wa mkanda wa kijani, watatu kwa mwengine, na kijana wake akabaki amesimama pembeni ya mkeka anaufunga na kuufungua mkanda. Baba alitazama mpaka adhana ya Magharibi ilipoanza. Kisha alimwita mwanawe, akamwambia jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulisikia, na kijana akaenda kwa mdogo kuliko wote pale, akamnyooshea mkono wa vazi lake, akamwambia, "Anza wewe kunibwaga mimi."