Simu za intaneti: ruta kwanza, kifaa baadaye

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye ofisi, zahanati na nyumba za wageni hapa Dar es Salaam ni aina gani ya simu ya intaneti (ile inayopeleka sauti kupitia mtandao) wanunue. Mara nyingi anayeuliza huwa amekwisha kuona kifaa chenye skrini ya rangi na kamera, amekipenda, na anachotaka kwangu ni kuthibitishiwa tu. Jibu langu ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye ruta, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya jengo, ya pili iende kwenye umeme wa akiba, na simu yenyewe inunuliwe mwisho. Simu ya bei ya chini iliyochomekwa kwenye mtandao uliopangwa vizuri husikika vizuri zaidi kuliko simu ya bei ya juu iliyochomekwa kwenye mtandao uliofungwa kiholela, na ninataka kueleza kwa nini ni hivyo.

Wengi hudhani kwamba sauti inapokatika, sababu yake ni kasi ndogo, na hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Hebu tupige hesabu. Kodeki (utaratibu wa kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, iliyoidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 1972 na ambayo hadi leo inaeleweka na karibu kila simu ya intaneti, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. Ukijumlisha anwani na maelezo yanayobandikwa juu ya kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data, simu moja huchukua takriban kilobiti 87 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Simu kumi zinazozungumzwa kwa wakati mmoja hazifikishi megabiti moja. Kodeki nyingine, G.729, hutosheka na kilobiti 31 hivi, na Opus, iliyotolewa mwaka 2012, hupanda na kushuka kufuatana na hali ya njia. Ofisi yenye faiba ya megabiti 20 ina nafasi tele, na bado wahudumu wake wanaweza kushinda wakisema "haloo, haloo, unanisikia?"

Kinachotakiwa na sauti ni kufika kwa wakati. Simu hukata maneno yako vipande vya milisekunde 20, hivyo kila sekunde hutuma pakiti 50, na upande wa pili unazihitaji zifike kwa mpangilio na kwa mwendo ule ule. Ukurasa wa wavuti unaweza kusubiri nusu sekunde na msomaji asijue. Pakiti ya sauti ikichelewa kupita akiba ndogo inayotunzwa na simu ya mpokeaji, hutupwa, kwa kuwa neno lililokuwamo limekwisha kupitwa. Pendekezo la G.114 la shirika hilo hilo linataka sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni. Kupita hapo, watu huanza kuingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Kwa miaka mingi eneo letu halikuweza kabisa kutimiza sharti hilo kwa simu za ng'ambo. Kabla ya mkonga wa baharini wa SEACOM kufika mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilipita kwenye setilaiti zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kupanda na kushuka peke yake ilikula takriban robo sekunde. Mkonga uliondoa kikwazo hicho. Setilaiti za mzunguko wa chini, kama zile za Starlink zilizoanza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, ziko kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo zinafaa kwa sauti kwa namna ambayo zile za zamani hazikuweza.

Hata hivyo umbali bado una gharama yake. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 1,000 kwa takriban milisekunde 5, na mkataba wa huduma ya simu mara nyingi hauelezi seva, kompyuta inayounganisha simu, iko wapi. Seva ikiwa Ulaya, na ikiwa imepangwa sauti yote ipite kwake, mhudumu wa mapokezi anayempigia mhasibu wa ghorofa ya pili hutuma maneno yake baharini, kilomita elfu nyingi kwenda na elfu nyingi kurudi, ili yafike ngazi moja juu. Muulize anayekuuzia huduma mambo mawili: seva iko mji gani, na simu za ndani ya jengo zinazungumza moja kwa moja au zinapita kwake. Jibu hilo lina uzito kuliko idadi ya vitufe vya kifaa.

Sasa turudi kwenye ruta, ambako ndiko ninakokuta chanzo cha malalamiko mengi. Laini nyingi za nyumbani na za ofisi ndogo zina upande wa kupakia mwembamba kuliko wa kupakua. Mtu mmoja anapopandisha video, au kompyuta inapohifadhi mafaili yake kwenye wingu, data humiminika kwenye ruta kwa kasi kuliko laini inavyoweza kuitoa, na ruta huipanga foleni. Watengenezaji waliweka kumbukumbu kubwa ndani ya ruta kwa nia njema ya kutopoteza pakiti hata moja, lakini matokeo yake ni foleni ya nusu sekunde au zaidi, na pakiti ndogo ya sauti hukwama humo kama bodaboda iliyofungiwa nyuma ya malori ya makontena kwenye barabara ya njia moja. Kuongeza kifurushi huahirisha tatizo hadi siku mtu atakapopakia faili kubwa zaidi.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Fungua amri ya ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kuelekea anwani iliyo karibu, usome muda unaorudi laini ikiwa imetulia, kisha pandisha faili kubwa huku ukiendelea kutazama. Muda ukiruka kutoka milisekunde 10 hadi 400, umempata adui wako, na hakuna simu ya mezani duniani itakayokuokoa naye. Dawa ni ruta inayosimamia foleni yake kwa akili. Utaratibu wa fq_codel, uliochapishwa kama waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 8290 mwezi Januari 2018, hutenganisha mazungumzo mbalimbali na kuzuia mtumiaji mmoja asijaze njia. Unapatikana kwenye OpenWrt na kwenye RouterOS toleo la 7 la MikroTik, programu za kuendeshea ruta ambazo mafundi wengi wa hapa wanazifahamu. Pima kasi halisi ya kupakia, kisha iamuru ruta isipitishe zaidi ya asilimia 85 au 90 ya kasi hiyo, ili foleni ikae kwako unakoweza kuitawala badala ya kukaa kwenye kifaa cha mtoa huduma. Unatoa sadaka kasi kidogo, na simu zinatulia. Katika kazi yangu sijaona mabadiliko mengine yenye gharama ndogo kiasi hicho yanayoleta nafuu kubwa namna hiyo.

Tatizo la pili la ruta ni sauti ya upande mmoja: wewe unamsikia mteja, yeye hakusikii. SIP, itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya vifaa) ambayo msingi wake unaotumika hadi leo ulichapishwa mwaka 2002, hushughulikia kuita, kupokea na kukata. Sauti yenyewe husafiri kwa njia nyingine. Simu iliyo ndani ya ofisi huandika kwenye ujumbe wake wa SIP anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.20, ambayo nje ya jengo haina maana yoyote, na upande wa pili ukituma sauti huko hupotelea hewani. Watengenezaji wa ruta walijaribu kusaidia kwa kipengele kiitwacho SIP ALG, kinachofungua ujumbe na kubadilisha anwani njiani, lakini mara nyingi hubadilisha nusu tu na kuharibu kile ambacho seva za kisasa zingeweza kukirekebisha zenyewe. Kizime. Dalili nyingine ya ugonjwa huo huo ni simu inayokatika ikifika takriban sekunde 32 kila mara: huo ndio muda ambao itifaki husubiri uthibitisho wa simu iliyopokelewa, na uthibitisho usipofika, laini hufungwa. Fundi akikwambia kwamba simu inayokatika kwa sekunde zile zile ni "mtandao tu", tafuta fundi mwingine.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema machache. Kwa meza ya mapokezi chukua simu ya waya, kwa sababu Wi-Fi ya jengo lenye watu wengi huchezacheza, na uchukue inayopokea umeme kupitia waya wa mtandao kwa kiwango cha 802.3af. Hoteli yenye vyumba vingi na nyaya za shaba zilizo nzima haina haja ya kung'oa chochote: adapta yenye matundu ya simu za kawaida huzifanya zile simu za zamani za vyumbani ziwe sehemu ya mfumo mpya, na gharama yake hupungua sana. Wahudumu wanaozunguka ghala wapewe simu zisizo na waya za DECT, ambazo zina masafa yao na hazigombani na Wi-Fi.

Video inataka uangalifu wa namna nyingine. Picha ya kiwango cha 720 huhitaji megabiti moja hadi mbili kila upande, kwa hiyo hapa kasi ya kupakia inaanza kuwa na maana yake. Lakini kikao hufa kwa sauti kabla ya kufa kwa picha. Watu huvumilia sura yenye ukungu kwa saa nzima. Sauti yenye mwangwi hawaivumilii dakika kumi. Chumba cha mikutano chenye vigae sakafuni, vioo na dari tupu hurudisha kila neno, na maikrofoni iliyo ukutani juu ya televisheni hukusanya marudio hayo yote. Pazia zito, zulia, na maikrofoni ya mezani iliyo karibu na wazungumzaji vina thamani kuliko kamera ya gharama kubwa. Kiti kisiwekwe mbele ya dirisha, maana mwanga wa nyuma huufanya uso wa mtu uwe kivuli.

Nyumbani, kwa bibi na babu wanaotaka kuwaona wajukuu walio mbali, ninapendelea kifaa chenye skrini kubwa kinachokaa mahali pamoja, kimechomekwa, na kinachopokewa kwa mguso mmoja. Wenye ndugu Uarabuni wakumbuke kwamba sheria za huko ni tofauti: katika Umoja wa Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa kwa muda mrefu, na programu zilizoidhinishwa ni nyingine, hivyo ulizia kwanza kinachoruhusiwa kule kabla ya kununua kifaa hapa.

Umeme ni jambo ambalo zamani hatukulazimika kulifikiria. Simu ya mezani ya waya wa shaba ilipata umeme wake wa volti 48 hivi kutoka kituo cha simu, na iliita hata mtaa mzima ukiwa gizani. Simu ya intaneti hufa pamoja na taa. Simu nane za wati 5 kila moja, pamoja na swichi, ruta na kifaa cha faiba, hufika wati 60. UPS (kisanduku cha betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inayouzwa madukani kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi na pungufu sana ya hapo kwa matumizi halisi. Haimalizi saa moja. Anayetaka saa nne anunue betri kwa hesabu hiyo, wala asidanganywe na namba ya VA iliyoandikwa mbele ya boksi. Na kifaa cha faiba kichomekwe kwenye UPS hiyo hiyo, maana nimekuta ofisi zenye simu zinazowaka vizuri kabisa zikiwa zimeunganishwa na kisanduku kilichozimika.

Akiba ya laini nayo ifikiriwe kwa makini. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ofisi zenye watoa huduma wawili waliotegemea njia hiyo hiyo ya baharini hazikupata nafuu yoyote. Mfumo ambao seva yake iko ndani ya jengo huendelea kuunganisha simu za ndani hata bahari ikikatika, na ukiwa na laini ya kampuni ya simu ya hapa nchini huendelea kupokea wateja wa humu. Hospitali na zahanati ninawashauri mpango huo bila kusitasita. Siku ya kukabidhiwa mfumo, jaribuni pia kupiga namba ya dharura 112, kwa utaratibu uliokubaliwa kwanza na wanaoipokea, kwa kuwa mtoa huduma wa ng'ambo anaweza asiipeleke popote.

La mwisho ni wizi. Seva ya simu iliyo wazi kwenye mlango wa mtandao namba 5060, unaotumiwa na SIP, huanza kupigiwa hodi na programu za wezi muda mfupi tu baada ya kuwashwa, na wanachokitafuta ni ekstensheni (namba ya simu ya ndani) 100 yenye nywila 100. Wakiipata, hupiga usiku na siku za mapumziko kwenye namba za nje zenye malipo makubwa, na bili huja kwako. Kila ekstensheni ipewe nywila ndefu isiyofanana na nyingine, mlango huo ufunguliwe kwa anwani ya mtoa huduma peke yake, na simu za kimataifa zifungwe kwa wote isipokuwa wale wanaozihitaji kikazi, tena kwa nchi wanazozipigia tu. Mwombe mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi cha kila siku upande wake, kisha umwombe akuoneshe kwamba kikomo hicho kinafanya kazi.